Fulu Sebuleni

Samaki wa pale hospitalini ndio waliomfungua baba yangu mdomo. Wiki tatu nilikuwa nampeleka kusafishwa damu, kila Jumanne na kila Ijumaa, na wiki zote hizo alikuwa ananijibu kwa kichwa tu: ndiyo, hapana, niache. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Sasa siku hiyo tumekaa kwenye chumba cha kungojea, mimi naangalia saa kila dakika kwa sababu nimefunga duka langu la mapazia huko mjini na wateja wa mapazia hawana subira, mara namsikia mzee anasema kwa sauti ya mtu aliyeudhika, "Hawa wamechanganywa na mtu asiyejua kitu."

Nikageuka. Alikuwa anaangalia tangi la samaki lililowekwa kwenye kona, nadhani ili sisi tunaongoja tutulie.

"Huyu mrefu amewafukuza wenzake wote kule juu," akasema. "Ona yule, mkia umeliwa. Na wanatupa chakula cha kuelea, ilhali yule kambare mdogo anakula chini. Atakufa njaa watu wakimtazama."

Nesi akaja kumwita, na akaingia kule ndani kwenye mashine bado anaongea. Nilibaki nimeshika koti lake, machozi yananilengalenga, nikajiambia: haya basi, samaki. Kama ni samaki watakaomweka mzee huyu Nairobi, nitanunua hata ziwa zima.

Kwa maana shida ilikuwa hiyo, na haikuwa nyingine. Baba hakutaka kukaa Nairobi. Kule nyumbani mashine ya karibu iko safari ya nusu siku, na yeye hawezi tena kupanda gari mara mbili kwa wiki kwenda na kurudi. Daktari alinivuta kando akaniambia bila kuzunguka: akiacha mashine, hesabu ni ya wiki, si ya miezi. Nilimwambia Baba hivyo hivyo, bila kuzunguka. Akaniuliza basi la kesho asubuhi linaondoka saa ngapi.

Na mimi nilimwelewa, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwetu, watu wa ziwa, mzazi haruhusiwi kulala katika nyumba ya mkwewe. Anakuja mchana, anakula, anasifu kuku, jioni anaaga. Ndugu yangu wa kiume, ambaye nyumba yake ingekuwa halali kwa Baba, yuko ughaibuni anafanya kazi za shifti. Nimebaki mimi, binti aliyeolewa, na nyumba yangu ya mtaa wa Jamhuri iliyo na kitanda cha bure ambacho mzee hawezi hata kukikalia. Tukampa chumba cha uani, kile kilichojengewa mfanyakazi, kwa sababu kina paa lake na mlango wake, kwa hivyo ukikazana unaweza kusema si nyumba ya mkwe. Alikazana. Lakini kila asubuhi begi lake lilikuwa limefungwa, liko mlangoni.

Mume wangu ni mtu wa Ukambani, mpole, haelewi. "Lakini si ni nyumba tu?" aliniuliza. "Aje alale ndani, huko nje kuna baridi." Nilimfokea mpaka nikajionea haya. Shida yangu ni mdomo, nimekuwa nayo tangu utotoni, na miezi ile nilikuwa nafokea kila kitu, hata mlango ukigoma kufunguka.

Basi, tangi. Mama mmoja wa Spring Valley alikuwa anahama nchi na anauza vitu vyake, na mume wangu akaona tangazo. Lita mia mbili, urefu umepita mita kidogo, si kubwa, si dogo, pamoja na kabati la kulibeba, filta, hita na taa. Yule mama alikuwa mtaratibu sana. Alinishika mkono akaniambia nijaze maji, niliache wiki kadhaa kabla ya kutia samaki, na nisome kwanza nani anaweza kukaa na nani. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Wiki kadhaa! Mimi nilikuwa na mzee anayeuliza habari za basi. Tukaliweka sebuleni karibu na dirisha, kwa makusudi, ili akitaka kuwaona samaki aingie ndani mwenyewe kwa miguu yake. Nikafungua mfereji nikajaza.

Kesho yake nikaenda kwenye kiduka cha samaki huko mjini, kwenye jengo lenye vibanda vingi. Naomba nikiri jambo. Nimekulia ziwani, lakini samaki ninayemjua mimi ni wa kuliwa. Najua kufunua shavu nione kama bado ni jekundu, najua kubonyeza tumbo, najua jicho lililolegea. Na haki ya Mungu, ndivyo nilivyochagua. Nilisimama mbele ya vile vioo nikitafuta macho maangavu na migongo minono, nikawanyooshea kidole mmoja mmoja.

"Hao wote wanaelewana?" nikamuuliza muuzaji, mtu wa makamo mwenye aproni iliyolowa.

"Wote wako sawa, mathe. Weka tu pamoja. Samaki ni samaki."

"Na huyu mnene?"

"Oska? Huyo ni mpole. Anakua kidogo tu."

Nikarudi na mifuko ya plastiki imejaa. Samaki wa dhahabu wawili, neoni kumi wale wadogo wanaong'aa, malaika wawili, wale bapa wenye mapezi marefu ya kuning'inia, taiga watatu wenye milia myeusi, na oska mmoja aliyeshiba. Nikawamwaga wote siku hiyo hiyo, nikawasha taa, nikaenda kugonga mlango wa chumba cha uani.

Baba alikuja akasimama mlangoni pa sebule. Akaangalia.

"Nani amekuchagulia?"

"Mimi mwenyewe."

"Mama," akasema. Huniita Mama kwa sababu nina jina la mamake. "Ulikuwa unataka kuwapika?"

Na akacheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, akacheka mpaka nikaanza kuogopa moyo wake. Nilikasirika sana, na nilifurahi sana, na sikujua nianze na lipi. Kisha akarudi chumbani kwake bila kukaa hata dakika moja.

Siku nne tu zilitosha. Neoni kumi walikuwa saba, kisha wanne, kisha hawapo, na tumbo la oska limetuna. Taiga waliwaandama malaika wakiyauma yale mapezi mpaka yakabaki nyuzi. Wale wa dhahabu, ambao sasa najua wanataka maji ya baridi, walikuwa juu kabisa wanahema kwenye maji niliyoyapasha moto kwa ajili ya wengine. Maji yenyewe yakaingia ukungu na harufu. Nilipiga simu kwa muuzaji nikiwa nimesimama katikati ya duka langu, mteja ameshika mita tano za pazia ananitazama.

"Uliniambia wanaelewana!"

"Mathe, hata watu hukosana."

Nikakata. Nikafunga duka saa nane mchana, siku ambayo hata si ya hospitali, nikarudi nyumbani, nikakaa sakafuni mbele ya lile tangi nikalia kwa hasira. Malaika mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Ndipo nikasikia nyayo, na Baba akaingia sebuleni kwangu bila kuitwa, kwa mara ya kwanza.

"Lete kiti," akasema.

Nimsifu sasa kwa kuwa siku zile sikumsifu. Baba alikuwa afisa mdogo wa uvuvi. Miaka yote ya kazi yake alizunguka fuo za ziwa akipima matundu ya nyavu na kuwakemea watu waliovua vifaranga, na hakuna aliyempenda kwa kazi hiyo. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mguu mmoja kwa sababu siku zile miguu ilikuwa inavimba, akaanza kunifundisha kama mtu anayemsomea mashtaka mshtakiwa. Samaki humchagui kwa sura yake ya leo, alisema, unauliza atakuwa na urefu gani akikomaa. Unauliza mdomo wake una upana gani, kwa sababu chochote kinachoingia mdomoni ataona ni chakula, hana ubaya, ndivyo alivyo. Unauliza anatembea wapi, juu, katikati au chini, usije ukawajaza wote tabaka moja. Maji ya joto au ya baridi, laini au magumu. Wanaopenda kukaa kundi usimlete mmoja peke yake, atakuwa mkorofi kwa upweke. Na wenye mapezi marefu usiwaweke na wenye meno ya haraka. "Na madume," akasema. "Kabla ya yote, hesabu madume."

"Sasa nifanye nini?"

"Warudishe waliobaki. Wote. Halafu liache tangi na maji matupu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yaive. Haya maji hayajaiva."

Nikawarudisha. Muuzaji aliwapokea bila aibu yoyote. Na sebuleni kwangu kukabaki tangi la maji matupu lenye taa na filta inayonguruma, wageni wanauliza samaki wako wapi, mume wangu anawajibu kwamba maji yanaiva. Baba alikataa maji ya mfereji, alisema ni laini mno na yana dawa. Tukatia maji ya kisima cha mtaa. Kila siku alitupia punje mbili tatu za chakula kwa samaki wasiokuwapo, ili uchafu uwaite wale wadudu wasioonekana wanaosafisha maji. Aliinama akanusa. Mimi nilikuwa nakufa kwa kutotulia. Niliamka na kuuliza, niliporudi kazini niliuliza, "Yameiva?" naye anasema bado. Kisha siku moja akaongeza neno. "Nitangoja yaive, nione umeweka nini. Halafu nitaenda nyumbani."

Nikapiga hesabu palepale kichwani. Kila wiki maji yakichelewa, ni mashine mara mbili. Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza.

Tulikuwa na mizaha yetu pia, msidhani ilikuwa kilio tu. Mtu wa figo hupimiwa maji. Baba aliruhusiwa kikombe kimoja na nusu kwa siku, na kiu ilikuwa inamtesa kuliko sindano. Alikuwa anakaa mbele ya lita mia mbili anasema, "Hawa wasiokuwapo wanakunywa kuliko mimi." Na mara ya kwanza nilipoiosha ile filta, ikatoa tope la kahawia, aliitazama akasema, "Kumbe hata tangi lina Jumanne na Ijumaa."

Maji yalipoiva, nilikuwa nimepata jina la mtu wa kutegemewa. Alikuwa dada mmoja wa Kinoo aliyewahi kufundisha sayansi, sasa anafuga samaki katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la saruji. Tukaenda Jumamosi, Baba na mimi. Dada yule hakutuuzia kitu. Kwanza alituhoji. Tangi lina urefu gani? Maji ya wapi? Limekaa muda gani? Baba alimjibu kila swali, mgongo umenyooka, na nikaona wamependana wale wawili, wanaongea mambo ya chumvi na mawe kana kwamba mimi ni mkoba uliosahaulika hapo. Nilizunguka nikiangalia gapi, vile visamaki vyenye mikia ya rangi. Niliporudi, Baba hakuwa anaongea tena. Alikuwa amesimama mbele ya tangi la mwisho, karibu na ukuta, uso umekaribia kioo.

"Fulu," akasema.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua neno hilo lina nini ndani. Fulu ni samaki mdogo wa ziwa, hapiti kiganja. Utotoni mwa Baba alikuwa wa bure. Walimla maskini, na watoto walimchoma kwenye kijiti. Kisha mbuta akatiwa ziwani, mbuta mkubwa mwenye mdomo mkubwa, akala, akanenepa, na fulu wa aina nyingi sana wakaisha. Baba aliwaona wakiisha. Katika fomu zake kulikuwa na safu ya fulu, na ikafika wakati alikuwa anaandika sufuri ufuo baada ya ufuo, kisha ofisi ikachapisha fomu mpya isiyo na safu hiyo. Alitusimulia hayo mara moja tu tukiwa wadogo, na mama akamwambia aache kutuhuzunisha.

Na sasa walikuwa hapo, nyuma ya duka la saruji, dume mwekundu ubavuni na samawati kichwani, majike ya rangi ya mchanga.

"Mababu zao walipelekwa Ulaya zamani, Mzee," dada akasema taratibu. "Wakazalishwa kwenye vioo huko, vizazi na vizazi. Mtu aliporudi nao ndipo nikapata hawa."

"Wamerudi kwa ndege?"

"Ndiyo."

"Hata pasipoti wamepata," akasema, akacheka, na machozi yakamshuka mbele yetu wote. Hakuyafuta. "Huyu nilimla, Mama. Huyu huyu. Nilimla na ugali wa mtama."

Mimi, kwa papara zangu, nikasema basi tuchukue madume wawili, ni wazuri, sebule itang'aa. "Hapana!" wakasema wote wawili kwa pamoja. Dume mmoja, majike sita, wasije wakamalizana. Okoko wawili, wale kambare wadogo wa ziwani wenye madoa, wa kuokota masalia ya chini. Mawe mengi, yapangwe yafanye mapango, ili jike akichoka kufukuzwa apate pa kujificha. Nikauliza, tangi si linaweza kubeba zaidi? "Tangi linaweza," Baba akasema. "Wao hawawezi." Siku hiyo alibeba mfuko wa samaki mapajani kutoka Kinoo mpaka Jamhuri, akanikemea kila nilipokanyaga breki.

Zikaja wiki nzuri. Sijui kama nilizionja vizuri, maana roho yangu ilikuwa juu juu siku zote, nikingojea aseme. Asubuhi alikuja kunywa kile kikombe chake cha chai sebuleni. Alikula mchana na sisi. Alimweleza mume wangu kwa nini dume anatetemesha mapezi, na mume wangu, ambaye kwao samaki ni mgeni wa Krismasi, alisikiliza kama mtoto. Jioni Baba alitoka akaenda kwenye chumba chake chenye paa lake. Ya hospitali hayakubadilika. Siku za mashine nilimvuta kama kawaida, nikimtafutia soksi, nikimbembeleza, nikipandisha sauti, yeye anasema leo hajisikii, ngoja mpaka Ijumaa.

Asubuhi moja aliniita. "Mwangalie huyu jike." Kidevu chake kilikuwa kimetuna, na chakula kikipita puani anageuka. "Ameshika mayai kinywani. Fulu hulea mdomoni. Hatakula kitu mpaka watoto watoke wakiwa wanaogelea, wiki mbili, tatu." Akaweka kikombe chini. "Wakitoka nitaenda nyumbani. Sasa nimesema, na usinizuie."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini kwa kishindo.

"Ukienda utakufa."

"Najua."

"Basi sema hivyo! Sema nataka kufa, usinidanganye na habari za nyumbani!"

"Mama," akasema, na sauti haikupanda hata kidogo, "nimechoka kuwa mgeni. Nakula kwa mkwe, nanyolewa na mkwe, natolewa maji mwilini kwa fedha za mkwe. Mwanamume hawezi kukaa hivi."

Mimi, mwenye mdomo huu. Nilitoka nje nikazunguka ile nyumba mara mbili nimevaa kandambili, jirani akanisalimia nikampita.

Wiki zile sitaki hata kuzikumbuka. Kila nilipoingia sebuleni nilimwangalia yule jike kidevu. Yule maskini hali kitu, anakonda mgongo, anajibanza nyuma ya jiwe, na mimi namchukia. Naam, nilimchukia samaki. Dada wa Kinoo alikuwa ameniambia tusimsumbue, kwa sababu jike akishtuliwa sana humeza mayai au huyatema kabla ya wakati, na hapo kila kitu huanza upya mwezi mwingine. Alinionya kwa nia njema. Mimi nilisikia mwezi mwingine.

Alasiri moja Baba alikuwa amelala chumbani kwake, mume wangu kazini. Nikachukua kile kichujio cha wavu cha kuvulia samaki. Nikakitia majini. Nilimkimbiza yule jike kutoka pembe moja hadi nyingine, mara moja, mara mbili, mawe yakaanguka, okoko wakatimua mchanga, na akajibana kwenye kona akanitazama, mdomo ameubana kwa nguvu zake zote. Hakutema hata yai moja. Nikatoa mkono. Nikapanga mawe upya, nikafuta maji sakafuni, na sikumwambia mtu yeyote mpaka leo hii ninapoandika. Aibu niliyoiona pale sijapata kuiona mahali pengine.

Kisha ikaja Jumanne. Niliingia sebuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa kumepambazuka, nikawasha taa ya tangi, na nikawaona. Karibu ishirini, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, wameelea juu ya jiwe wote wakielekea upande mmoja, na jike chini yao anawalinda. Walikuwa wazuri. Ninasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa sikutaka kuwaona.

Nikazima taa. Nikatafuta kitu cha kufunikia, nikapata kipande cha pazia nilichokileta kutoka dukani, nikakitandaza mbele ya kioo chote nikakibana kwa vitabu. Nilikuwa nawaza: nitasema taa imeharibika. Nitasema wanahitaji giza. Nitampeleka mashine leo, na Ijumaa nitatunga uongo mwingine. Kisha nikasikia mlango wa nyuma.

Baba aliingia, amevaa koti. Akaangalia pazia. Akaniangalia.

"Mbona umewafunika?"

"Taa imeharibika."

"Mama." Alikaa kwenye kiti chake polepole, mkono juu ya goti. "Wametoka tangu Jumamosi. Yule jike huwatoa mchana ukiwa umetoka, jioni anawafungulia mdomo wanarudi ndani. Leo ndiyo siku ya kwanza wamelala nje."

Nilisimama pale nimeshika kitabu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku tatu nzima alikuwa amekaa na sisi mezani, amekula, amenywa chai yake, na hakutamka neno.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza naenda lini."

"Nisingekuuliza!"

"Ungeniuliza. Ulikuwa unamwangalia yule jike kila saa." Alikuwa anatazama mikono yake, ule wa kushoto wenye kovu nene la sindano. "Na mimi ningelazimika kwenda, kwa sababu nimeshasema. Sitaki kwenda, Mama. Sitaki kufa. Nilikuwa naona aibu kulisema hilo nikiwa katika nyumba ya mwanamume mwingine."

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye korido ameshika mswaki. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alipita akaenda kuwasha gari.

Mimi nilikuwa nimeanza kulia, kwa sauti, bila adabu yoyote, na pengine ningelia mpaka saa sita. Lakini Baba alikuwa ameshainuka.

"Vaa viatu," akaniambia. "Mashine ni saa mbili, na wewe unatuchelewesha."